Kompyuta imegoma kuwaka: maswali tunayoulizwa mara kwa mara, Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa mwenye kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka, awe Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea, Kilwa Masoko au kwingine kokote huku kusini. Kipuri kisicho cha kawaida huku hakikai dukani. Kinaagizwa Kariakoo, kinapakiwa kwenye basi, na kikifika sicho, umepoteza siku mbili tatu pamoja na gharama ya mzigo. Ndiyo maana majibu yote hapa chini yanakwenda kwa kanuni moja: pima kwanza, nunua baadaye.

Tuelewane pia maneno. Lile kasha ambalo wengi huliita "CPU" sisi tutaliita kasha. Prosesa ni chipu iliyo chini ya feni, ndani ya kasha. Pawa saplai ni kile kisanduku cha chuma ndani ya kasha kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Madabodi ni ubao mkubwa unaounganisha vipuri vyote, na ramu ni vibao vyembamba vya kumbukumbu vinavyochomekwa juu yake.

Nikisema "haiwaki" mnaniuliza "haiwaki vipi?" Kuna tofauti gani?

Kubwa sana, kwa sababu kila namna ya kutowaka ina mkosaji wake. Kompyuta iliyo kimya kabisa, bila taa wala feni, ina tatizo la umeme: ukutani, kwenye waya, pawa saplai au kitufe. Inayowaka sekunde mbili tatu na kuzima inajilinda na shoti au joto. Ile ambayo feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi, mtuhumiwa wa kwanza ni ramu. Na ile inayoonyesha nembo ya Dell au HP kisha ikakwama haina ugonjwa wa umeme hata kidogo. Tazama diski au Windows. Watu wengi hununua pawa saplai mpya kwa ajili ya kompyuta ya aina hii ya mwisho, na pesa yao inakuwa imekwenda bure.

Imekuwa kimya kabisa. Nianzie wapi?

Anzia ukutani, si kwenye kasha. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile ya ekstensheni uone kama inachaji. Kama kuna UPS (kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) katikati, iondoe na uchomeke kasha moja kwa moja ukutani. UPS yenye betri iliyokufa inaweza kuwasha taa zake na bado isipitishe umeme. Chomoa waya wa umeme wa monita uutumie kwenye kasha. Kwa kawaida nyaya hizo mbili ni za aina moja, na hapo umeshapima waya bila kununua chochote. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani, kwa hiyo ifungue kwa bisibisi uikague. Mwisho, angalia nyuma ya kasha: swichi ndogo ya pawa saplai iwe imelalia upande wa I, si O. Kuna anayeizima wakati wa kufuta vumbi na kusahau.

Bado kimya? Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Subiri dakika moja, rudisha waya, jaribu tena. Hili linaonekana kama uganga lakini lina sababu. Umeme ukirudi kwa kishindo, pawa saplai hujifunga kujilinda, na haifunguki mpaka umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vipuri vinavyohifadhi umeme, uishe. Kukishikilia kitufe ndiko kunakoumaliza. Kompyuta nyingi "zilizoungua" usiku wa kukatikakatika umeme huamka kwa hatua hii moja.

Kompyuta yangu ni iliyotumika, imetoka Marekani. Nilipochomeka tu ikapiga "pa!" na moshi. Kwa nini?

Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, kwa hiyo swichi huwa kwenye 115. Kwetu ni volti 230. Ukichomeka ikiwa hivyo, sakiti ya ndani huzidisha umeme maradufu, na fyuzi pamoja na kapasita kubwa huondoka papo hapo. Mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai peke yake. Madabodi na diski husalimika. Badilisha pawa saplai kabla ya kukata tamaa. Kama kompyuta yako haijachomekwa bado, sogeza swichi kwenye 230 kwa ncha ya bisibisi kwanza. Zisizo na swichi hiyo, soma kibandiko: kikiandikwa 100–240V, haina neno.

Nitajuaje kwa uhakika kwamba pawa saplai ndiyo imekufa?

Kwa maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Hapa tunazungumzia pawa saplai za kawaida zenye plagi pana ya pini 24 inayoingia kwenye madabodi; Dell na HP tutazifikia chini kidogo.

Acha plagi ikiwa imechomekwa kwenye madabodi, na waya wa umeme uwe ukutani. Ncha nyeusi ya maltimita igusishe chuma cha kasha kisicho na rangi. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi, pembeni ya waya.

Anza na waya wa zambarau. Huo ni umeme wa kusubiri, na lazima uwe volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukisoma sifuri na ukutani umeme upo, pawa saplai imekufa, au kuna kitu kwenye madabodi kinachopiga shoti na kuilazimisha ijifunge. Ili kutenganisha, chomoa nyaya zake zote kutoka kwenye madabodi na upime zambarau tena. Volti 5 zikirudi, pawa saplai ni nzima na shoti iko ndani ya kasha.

Zambarau ikiwa sawa, nenda kwenye waya wa kijani, ambao uko mmoja tu. Kompyuta ikiwa imezimwa utasoma kati ya volti 3 na 5. Mwenzako abonyeze kitufe huku unatazama namba. Ikishuka karibu na sifuri, madabodi imetoa amri ya kuwasha, na kama feni hazijatikisika, kosa ni la pawa saplai. Isiposhuka, amri haijatoka: kosa ni la kitufe au madabodi. Kipimo hiki kimoja kinakuokoa kuagiza kipuri kisichohitajika, na kinachukua dakika tano.

Ikiwaka, pima na nyingine. Njano iwe kati ya 11.40 na 12.60, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25; rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Njano ikisoma 10.9, hiyo pawa saplai inakufa hata kama feni yake inazunguka vizuri. Feni kuzunguka si ushahidi wa uzima.

Kuna na jaribio la kipande cha waya. Toa plagi ya pini 24 kwenye madabodi, unganisha kijani na weusi wowote kwa klipu ya karatasi, washa swichi ya nyuma. Pawa saplai nzima itawaka. Iunganishie diski mbovu au feni moja ya kasha, maana nyingine hazikubali kuwaka bila mzigo.

Dell OptiPlex au HP yangu haina plagi ya pini 24. Nifanyeje?

Swali zuri, maana kompyuta za namna hii ndizo zilizojaa maofisini na mashuleni. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ndogo ina ya pini 6. Usizifanyie jaribio la klipu kwa kufuata rangi tulizotaja. Mpangilio wake ni mwingine.

Kwa OptiPlex nyingi, tazama nyuma karibu na tundu la waya wa umeme: kuna kitufe kidogo na taa ndogo. Toa nyaya za pawa saplai kwenye madabodi na diski, chomeka umeme, bonyeza kitufe hicho. Taa ya kijani ikiwaka, pawa saplai ni nzima. Isipowaka, imekufa. Ikiwaka nyaya zikiwa nje lakini ikakataa ukizirudisha, shoti iko kwenye madabodi au diski. Rudisha waya mmojammoja mpaka umpate mkosaji.

Pawa saplai ya kawaida haiingii kwenye kompyuta hizi bila adapta, na mara nyingi hata umbo halikai ndani ya kasha dogo. Agiza kwa namba ya kipuri iliyo kwenye kibandiko chake, si kwa kusema tu "ya Dell".

Naweza kuifungua pawa saplai niitengeneze?

Hapana, kama huna mafunzo ya umeme. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300 na hubaki nazo muda baada ya kuchomoa waya. Inaua.

Vipimo vya umeme viko sawa lakini kitufe hakiitikii.

Kitufe chenyewe huchoka, hasa kwenye kompyuta za steshenari zinazowashwa na kila mtu. Fuata nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye kitufe mpaka kwenye vipini vya madabodi vilivyoandikwa PWR au PW. Chomoa kiplagi, na kwa ncha ya bisibisi gusanisha vipini hivyo viwili kwa nusu sekunde. Kompyuta ikiwaka, tatizo ni kitufe. Unaweza kuitumia swichi ya reset kwa kuhamishia nyaya zake hapo, na kazi ikaendelea siku hiyohiyo.

Inawaka sekunde chache, inazima, inarudia.

Angalia mambo haya kwa mpangilio. Kwanza, plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo jirani na prosesa. Isipokazwa, prosesa haina umeme. Pili, feni ya prosesa: iwe inazunguka na waya wake uko mahali pake. Tatu, kipoza joto chenyewe. Vile vya Intel vya kusukuma vina miguu minne ya plastiki, na mmoja ukichomoka kipoza hukaa upande na prosesa hupanda joto ndani ya sekunde. Kishike kwa vidole ukitikise taratibu: kikicheza, umepata jibu. Ukikitoa, futa mafuta ya zamani ya kupitisha joto na upake mapya kiasi cha punje moja ya mchele katikati. Kupaka mengi hakusaidii.

Kama yote yako sawa, toa kila kitu kisicho cha lazima: diski, kadi ya picha, flashi, printa, hata kibodi. Bakiza madabodi, prosesa na kipoza chake, pamoja na ramu moja. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja. Printa yenye waya mbovu wa USB imeshawahi kuzuia kompyuta nzima isiwake, na hakuna mtu wa kuishuku printa.

Umeme mdogo nao huleta hali hii. Pima soketi: kati ya volti 207 na 253 ni sawa. Jioni ikishuka mpaka 180, pawa saplai iliyochoka hukata. Kompyuta inayowaka vizuri asubuhi na kugoma saa mbili usiku, ipimie ukuta kwanza.

Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi.

Hakikisha kwanza ni kompyuta na si monita. Monita ikiandika kwamba haipati ishara, iko hai. Kasha likiwa na kadi ya picha, waya wa monita uingie kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi. Bonyeza Caps Lock: taa ya kibodi ikiwaka na kuzima, kompyuta inafanya kazi na shida ni ya picha tu.

Taa isipoitika, nenda kwenye ramu, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu pwani yetu inazionea ramu. Hewa ya Shangani, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa ina chumvi na unyevu, na upepo wa kusi unaisukuma mpaka ndani ya vyumba. Chumvi hiyo hutulia kwenye meno ya dhahabu ya ramu na kutengeneza utando ambao macho hayauoni. Utando mwembamba tu unatosha: pini moja kati ya 240 za ramu ya DDR3, au 288 za kizazi kilichofuata, DDR4, ikikosa mguso, kompyuta inaweza isitoe picha.

Chomoa umeme, shikilia kitufe sekunde 30, shika chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Sukuma vishikio vya pembeni, ramu itainuka yenyewe. Ishike kwa kingo na uinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Meno mazima yanang'aa rangi moja mwanzo hadi mwisho. Yaliyopatwa na chumvi yana vidoa vya kahawia kama madoa ya chai, au unga mweupe kwenye mzizi wa jino. Chukua ufutio mweupe wa penseli, ulio laini, usugue ukitoka ndani kuelekea ukingoni, pande zote mbili. Utaona ufutio unageuka mweusi. Pangusa makombo yote, kisha pitisha kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti ya aisopropili ya asilimia 99. Kama umepata ya asilimia 70 ya duka la dawa, itumie lakini acha ikauke nusu saa, kwa kuwa ina maji. Tundu lenyewe lisafishe kwa mswaki mpya mkavu, au bloa. Usipulize kwa mdomo, mate yana unyevu uleule unaoukimbia.

Kurudisha, linganisha pengo la ramu na kijino cha tundu, sukuma ncha zote mbili mpaka usikie "ta" mbili. Ramu isiyoingia hadi mwisho ni kosa la kila siku. Weka kipande kimoja tu, jaribu. Hakikuwaka, kihamishie tundu jingine. Kisha jaribu kipande cha pili peke yake. Ukimaliza mzunguko huo utajua kama aliyekufa ni ramu au tundu.

Unaponunua nyingine, DDR3 haiingii kwenye DDR4, na ramu za seva zinazouzwa bei ya kutupa hazifanyi kazi kwenye kompyuta za kawaida za mezani hata kama zinaingia vizuri.

Inalia milio au kitufe kinamulika rangi. Ina maana?

Ndiyo, inakuambia ugonjwa wake, basi hesabu kabla ya kuizima. HP za miaka ya nyuma, kama Compaq na Elite 8300, humulika nyekundu: mara 2 ni joto la prosesa, 4 ni umeme, 5 ni ramu, 6 ni kadi ya picha. HP mpya zaidi humulika nyekundu kisha nyeupe. Nyekundu 3 na nyeupe 2 ni ramu. Dell nyingi mpya humulika chungwa kisha nyeupe: 2 na 1 ni prosesa, 2 na 2 ni madabodi au BIOS (programu ndogo ya madabodi inayoanza kabla ya Windows), 2 na 3 haioni ramu, 2 na 4 ramu ni mbovu. Rekodi kwa simu, uitazame taratibu.

Madabodi ikiwa na spika, kuna jaribio zuri: toa ramu zote, washa. Ikilia kulalamika, basi madabodi, prosesa na pawa saplai viko hai kwa kiasi kikubwa. Ikinyamaza kabisa, mashaka yanarudi kwenye madabodi au prosesa.

Chumba cha kompyuta cha shule kilifungwa Desemba, Januari tumefungua nusu ya mashine haziwaki. Zimeibiwa vipuri?

Mara chache. Chumba kilichofungwa madirisha wiki nne wakati wa mvua kinajaa unyevu, na kompyuta isiyowashwa haina joto la kuukausha. Mnapata ramu zenye utando na betri ndogo za madabodi zilizokwisha. Safisheni ramu kama tulivyoeleza, mbadilishe betri, na nyingi zitaamka. Kuzuia ni rahisi: mtu mmoja aingie mara moja kwa wiki, afungue madirisha, awashe zote kwa saa moja.

Msizifunike kwa nailoni zikiwa bado za moto. Nailoni inafungia unyevu ndani. Kitambaa cha pamba, hata kipande cha kanga, kinazuia vumbi na kinapumua.

Saa imerudi miaka ya nyuma, na sasa Windows inaleta skrini ya bluu.

Ni ile betri ya duara kwenye madabodi, CR2032. Mpya husoma volti 3 na kidogo. Ikishuka chini ya 2.7 itupe. Ni kitu cha bei ndogo kinachopatikana hata kwa mafundi wa saa.

Sasa skrini ya bluu inatoka wapi? Betri ikifa, mipangilio ya BIOS hurudi ya kiwandani. Kwenye OptiPlex nyingi mpangilio wa SATA Operation, unaoamua namna kompyuta inavyoongea na diski, hurudi kuwa RAID On, wakati Windows iliwekwa ikiwa AHCI. Windows inashindwa kuiona diski yake na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ingia BIOS kwa F2, rudisha AHCI, hifadhi. Ikishindikana, jaribu RAID On. Hakuna kilichoharibika, na hakuna haja ya kufuta chochote.

Inaandika "No bootable device".

Chomoa flashi zote, washa tena. Bado? Ingia BIOS (Dell F2, HP F10, Lenovo F1) uone kama jina la diski lipo. Likiwepo, tatizo ni mpangilio wa kuwakia au Windows. Lisipokuwepo, badilisha waya wa SATA, yaani waya wa data wa diski, na tundu lake, kisha sikiliza: diski inayogonga "tak, tak, tak" inakufa. Izime. Kila dakika unayoiacha ikizunguka inakula data zako.

Fundi anasema nipige Windows upya. Nikubali?

Muulize swali moja: data zangu umezitoa? Kupiga Windows ni njia ya mkato, na kwa ofisi ya chama cha msingi yenye orodha ya wakulima na kilo zao katikati ya msimu wa korosho, ni hatari kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Diski itolewe kwanza, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa SATA kwenda USB, mafaili yanakiliwe na yafunguliwe kuthibitisha.

Baada ya hapo jaribu kuirekebisha. Zima kwa nguvu mara tatu mfululizo wakati nembo ya Windows inatokea. Mara inayofuata Windows 10 na 11 huleta ukurasa wa matengenezo. Chagua Startup Repair. Ikishindwa, nenda Startup Settings, bonyeza 4 iingie katika hali salama, uondoe programu au draiva ya mwisho uliyoweka. Amri ya chkdsk C: /r usiipige kwenye diski inayogonga, inaisugua yote na kuimalizia. Ukiombwa namba ya BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga diski) yenye tarakimu 48, itafute kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha kompyuta mara ya kwanza.

UPS inanilinda na umeme wa kurudi?

Inasaidia ikiwa betri yake ni nzima, na betri ya volti 12 ndani yake hudumu miaka 3 hadi 5, pungufu kwenye joto letu. Ipime kwa kuchomoa waya wa ukutani kompyuta ikiwa imewaka na hakuna kazi wazi: ikikata papo hapo, betri imekwisha. UPS ya VA 650 inatosha kompyuta moja na monita. Printa ya leza au mashine ya fotokopi isiingie humo kamwe, kwa sababu ikipasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuizidi.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano utulie. Wakati wa radi chomoa pia waya wa mtandao. Radi hupitia humo na kuua madabodi ambayo mwenyewe anaamini ameshaichomoa.

Kuna harufu ya kuungua lakini sioni kilichoungua.

Tafuta mjusi. Mjusi kafiri hufuata joto la pawa saplai usiku, na akigusa sehemu mbili zenye umeme anakufa yeye na sakiti. Sisimizi nao hujenga ndani ya tundu la waya. Ziba nafasi za kadi zilizo wazi nyuma ya kasha kwa vibati vyake, usizibe matundu ya hewa. Kisha mulika tochi juu ya kapasita za madabodi: vichwa vyake viwe bapa. Kilichovimba kama mkate au chenye maji ya kahawia kimekufa. Fundi anaweza kukibadilisha kwa chenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na kilichoandikwa 105°C.

Yangu ni kompyuta mpakato.

Ondoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe sekunde 30, washa kwa chaja peke yake. Pima chaja: namba iendane na kibandiko, kwa kawaida volti 19 hadi 20. Ramu zisafishe vilevile. Zaidi ya hapo mpelekee fundi.

Imethibitika madabodi imekufa. Nitengeneze au ninunue?

Kwa kompyuta zilizotumika, mara nyingi kununua kasha zima la modeli ileile ni nafuu kuliko madabodi peke yake, na lile la zamani linabaki ghala lako la vipuri. Shule yenye mashine 20 zinazofanana iitenge moja iliyokufa kwa kazi hiyo.

Ukiagiza Dar es Salaam, mtumie muuzaji picha tatu: kibandiko cha modeli, kibandiko cha pawa saplai, na ramu pande zote mbili. Andika umbo la kasha, dogo au kubwa, kwa sababu madabodi ya OptiPlex 7020 ndogo haikai kwenye kasha kubwa. Mwambie aiwashe mbele ya kamera, ionyeshe BIOS, kabla hajaipeleka kwenye basi.